Mwongozo kamili wa kuvinjari nyika ya milima yenye theluji katika theHunter: Call of the Wild

Anayeingia Medved-Taiga National Park, mojawapo ya ramani za mchezo huu wa video wa uwindaji, kwa mara ya kwanza hukutana na weupe kabla hajakutana na mnyama. Theluji imefunika miti, miteremko na kingo za maziwa, na jicho halijui litue wapi. Wengi hushika bunduki, huelekeza uso kwenye mlima ulio karibu na kuanza kukimbia. Baada ya muda mrefu wamesikia milio ya tahadhari ya wanyama wengi na hawajafyatua risasi hata moja.

Ramani hii ni ya kilomita za mraba zipatazo 64, na huwezi kuimaliza kwa mbio. Katika milima ya theluji unawinda kwa macho kwanza, miguu inafuata baadaye. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye kanuni hiyo, na ninaomba uzifuate kwa mpangilio huu, hasa zile mbili za mwanzo ambazo watu huzidharau.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: theHunter: Call of the Wild ulitengenezwa na studio ya Expansive Worlds na kutoka mwaka 2017. Medved-Taiga, hifadhi ya kubuni iliyowekwa Siberia nchini Urusi, iliongezwa mwaka huohuo na hununuliwa peke yake. Nimeichagua kuwa darasa la mwongozo huu kwa sababu theluji iko kila mahali ndani yake. Ukishaizoea, milima mingine ya mchezo huu haitakusumbua.

Hatua ya 1: Panga mkoba kabla ya kutoka kambini

Mkoba una kikomo cha uzito, kwa hiyo usibebe bunduki nne kwa hofu. Kila mnyama katika mchezo ana daraja lake, kuanzia 1 hadi 9, na kila risasi ina madaraja inayoyafaa. Hapa Medved-Taiga utakutana na kulungu-miski wa daraja la 2, linksi (paka mwitu) wa daraja la 3, nguruwe mwitu wa daraja la 5, rendia (kulungu wa nchi za baridi) wa daraja la 6, dubu kahawia wa daraja la 7, na musi wa daraja la 8. Musi ndiye kulungu mkubwa kuliko wote duniani, yule mwenye pembe bapa zilizotanuka.

Bunduki ya .243 (hicho ni kipimo cha risasi) ambayo kila mchezaji huanza nayo inafaa daraja la 2 hadi la 6. Ongeza ya .270, inayofaa la 4 hadi la 8, na hakuna mnyama niliyemtaja hapo juu atakayekushinda kwa sababu ya silaha. Ukitumia risasi kubwa kupita kiasi kwa mnyama mdogo, nyara inaharibika na alama zinapungua. Ukitumia ndogo kwa mnyama mkubwa, atakimbia na jeraha na utamtafuta mlima mzima.

Baada ya bunduki, weka darubini. Ukilazimika kuacha kitu kimoja, acha bunduki ya pili, darubini usiiache. Ongeza kipima umbali mara tu utakapopata pesa za mchezo za kukinunua, kwa sababu theluji hudanganya sana. Kusipokuwa na vichaka vya kulinganisha, mnyama aliye mita 300 huonekana kana kwamba yuko 180. Beba pia kisanduku cha huduma ya kwanza, maana utaanguka, na dawa ya kuondoa harufu ikiwa umeshaifungua.

Kuhusu skrini: punguza mwangaza kidogo kuliko ulivyozoea kwenye ramani za misitu ya kijani. Weupe ukizidi, mnyama wa kijivu aliyesimama kivulini hupotea kabisa. Na vaa hedifoni. Katika theluji sikio hugundua mnyama mapema kuliko jicho, kwa kuwa mlio husikika kabla mwenyewe hajatokeza kati ya miti.

Hatua ya 2: Fungua ramani kutoka juu

Kambi nyingine za hifadhi huwezi kuzitumia mpaka uzifikie kwa miguu. Ukishaifikia moja, unaweza kusafiri kwenda huko papo hapo siku nyingine yoyote. Sehemu za kuangalia, ile minara na vilele vyenye alama yake kwenye ramani, hukufichulia kilicho jirani: kambi, vivutio na minara mingine.

Kwa hiyo safari ya kwanza isiwe ya kuwinda. Ndiyo, utapishana na wanyama, na kidole kitawasha. Waache. Chagua mnara ulio karibu, upande, kisha kabla ya kushuka geuka pole pole ukitazama kwa darubini kila upande. Unatafuta mambo matatu: maji, uwazi usio na miti, na mgongo wa mlima unaoweza kutembelewa bila kuonekana kutoka bondeni. Ukiona mahali vyote vitatu vinakutana, weka alama kwenye ramani. Hapo ndipo utakapowinda.

Ukifika kambi mpya, lala hapo ili ubadilishe saa iwe alfajiri kabla ya kuendelea. Kutembea usiku katika ramani usiyoijua ni kupoteza nguvu, huoni nyayo wala genge lililo mbele yako.

Hatua ya 3: Chagua bonde moja, ulisome mpaka ulijue

Wanyama wa mchezo huu hawatangitangi ovyo. Kila kundi lina maeneo yake ya kula, ya kunywa na ya kupumzika, na kila eneo lina saa zake. Ukikuta alama za eneo hilo ardhini, au ukiwaona wanyama wakilitumia, linaandikwa kwenye ramani yako pamoja na saa zake, na halifutiki mpaka wao wenyewe wahame.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wachezaji wanaopenda kuzunguka hifadhi nzima kila siku. Bonde moja lenye ziwa, ukilijua sawasawa, litakupa wanyama wengi kuliko ramani nzima uliyoikimbilia juu juu. Anza na maeneo ya kunywa, kwa sababu yapo kando ya maji na huhitaji kubahatisha ndani ya msitu. Kaa juu, tazama ufukwe wote kipande kwa kipande, andika saa. Kesho yake katika mchezo, rudi saa ileile kwenye ufukwe wa pili.

Baada ya kukusanya maeneo manne au matano ya aina moja ya mnyama, utaanza kuuona utaratibu wake: wananywa hapa alfajiri, wanakula kule kabla ya adhuhuri, wanalala kwenye miti minene ya mteremko ule. Tangu hapo unakuwa na miadi nao.

Tahadhari moja ni ya lazima. Ukiua mara nyingi mahali pamoja, shinikizo la uwindaji huongezeka na wanyama huliacha eneo lao. Ramani itakuonyesha mahali palipoanza kuelemewa. Ukiona hivyo, hamia bonde jirani kwa muda. Ufukwe mzuri ukiuharibu kwa tamaa ya siku moja, hutaupata tena kwa urahisi.

Hatua ya 4: Upepo kabla ya kila hatua

Chini ya skrini, kifaa chako cha HunterMate huonyesha harufu yako inapelekwa upande gani. Mnyama aliye ndani ya njia ya harufu hiyo atajua upo hata kama umelala kifudifudi nyuma ya jabali. Sheria ni fupi: upepo ukupige usoni.

Mlimani sheria hii huwa ngumu kuliko kwenye tambarare, kwa kuwa huwezi kuzunguka popote utakapo. Pengine mteremko mmoja tu ndio unaopandika, na upepo uko mgongoni mwako. Ikiwa hivyo, usijaribu bahati. Una njia tatu: subiri upepo ubadilike, zunguka mlima wote kwa nyuma, au achana na kundi hilo na utazame bonde la upande wa pili. Mimi huchagua ya tatu mara nyingi, na ndiyo inayonipa wanyama wengi. Kuzunguka mlima ni safari ndefu, na ukifika saa yao ya kunywa imekwisha.

Kwa hiyo kila asubuhi, ukiwa bado kambini, tazama upepo kwanza kisha uamue bonde. Usiamue bonde kisha ukaanza kugombana na upepo.

Hatua ya 5: Kupanda, kuvuka, kushuka

Usipande moja kwa moja kuelekea kileleni. Mwili wa mchezaji wako huteleza kwenye mawe makali, na ukianguka kutoka juu unaumia, pengine unakufa na kurudishwa kambini. Panda kwa kukata mteremko kimshazari, na ukikwama fuata nyayo. Mahali palipo na nyayo za rendia au musi panapitika, kwa hiyo nyayo ni barabara hata kama huna nia ya kumwinda aliyeziacha.

Ukikaribia mgongo wa mlima, simama kabla hujafika juu kabisa. Chutama, kisha lala, tambaa hadi macho yako tu yapite ukingoni. Mtu aliyesimama kileleni na anga nyeupe nyuma yake huonekana bonde zima. HunterMate ina vipimo vya kelele unayofanya na jinsi unavyoonekana. Vizoee vipimo hivyo viwili kama unavyouzoea mshale wa upepo. Ukitembea umesimama vinapanda, ukichutama vinashuka, ukilala vinashuka zaidi. Vichaka vyenye matawi makavu hukupigia kelele hata ukinyata, na kwenye Medved-Taiga vipo vingi kuzunguka mashina ya miti.

Kukimbia kuna gharama nyingine ambayo wengi huisahau: mapigo ya moyo. Ukifika juu ukihema, bunduki inayumba. Lala chini, tumia darubini, acha moyo utulie. Dakika hiyo ya kusubiri ndiyo unayopaswa kuitumia kuhesabu wanyama.

Pikipiki ya magurudumu manne ipo kwa anayeinunua, na kwa kuhama kutoka kambi hadi kambi inafaa. Ndani ya bonde unalowinda iache mbali, inafukuza kila kitu.

Hatua ya 6: Tazama kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha

Gawa bonde katika vipande. Anza na ufukwe wa karibu, sogea polepole hadi wa mbali, kisha pandisha darubini kwenye mstari wa miti. Usimtafute mnyama mzima. Tafuta mstari wa mlalo katikati ya mashina yaliyosimama wima, maana mgongo wa mnyama hulala na miti husimama. Tafuta pia doa jeusi linalobadilika umbo.

Ukimpata, mtie alama kwa darubini. Mchezo utakuambia jinsia yake, kiwango chake cha ugumu na makadirio ya uzito. Soma taarifa hizo kabla ya kuamua, hasa kwa wanyama wawili. Rendia majike pia huota pembe, kwa hiyo pembe peke yake haikuambii kuwa huyo ni dume. Na kulungu-miski dume hana pembe kabisa. Ana meno mawili marefu yanayochomoza chini ya mdomo, na hayo ndiyo nyara yake. Ni mnyama mdogo, anajificha vizuri, na kumwona kwa jicho tupu kwenye theluji yenye vichaka kunahitaji utulivu. Kwangu mimi ndiye mnyama anayempima mwindaji wa Medved-Taiga, hata kuliko dubu.

Linksi ni hadithi nyingine. Huyu humwoni kwa kukaa kileleni. Shuka kwenye miti, jifiche ukiwa umelala, tumia kipuliza cha kuiga sungura anayelia, kisha nyamaza. Akija huja kimya, na mara nyingi kutoka upande usioutazamia, kwa hiyo chagua mahali penye jabali au shina kubwa nyuma yako.

Hatua ya 7: Risasi ya kutoka juu

Chukua mfano huu. Musi dume yuko ufukweni, ananywa. Wewe umelala juu ya mgongo wa mlima, upepo unakupiga usoni. Kipima umbali kinasema mita 200, na mteremko ni mkali, karibu nyuzi 45.

Nguvu ya mvuto hufanya kazi kwa umbali wa mlalo, si kwa urefu wa mstari wa jicho lako. Kwa mteremko wa nyuzi 45, mita 200 za kuangalia ni kama mita 141 za mlalo. Risasi basi haitashuka kiasi cha mita 200. Ukilenga juu ukidhani yuko mbali, itapita mgongoni kwake. Kama umefungua ujuzi wa kurekebisha shabaha, wenye chaguo za mita 75, 150 na 300, weka 150 na ulenge pale unapotaka risasi iingie.

Itaingia wapi? Kwenye tambarare unalenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, katikati ya mwili. Kutoka juu, risasi huingia juu na kutokea chini, kwa hiyo pandisha shabaha kidogo kwenye ubavu ili njia yake ipite katikati ya mapafu. Msubiri akuonyeshe ubavu. Akiwa amekuelekea kichwa, subiri. Akiwa amekupa mgongo, subiri pia. Anayekunywa maji kwa amani hana haraka, na wewe uliyelala hujaonekana. Akiinua kichwa ghafla na kusimama kidete, usitikisike. Mara nyingi hurudi kunywa.

Zuia pumzi, fyatua, kisha baki ulipo. Usisimame. Tia alama kwa macho mahali alipokuwa, jiwe gani, mti gani, kwa maana ukishuka bondeni ufukwe wote utafanana.

Ukiweza kuua kwa risasi moja, au mbili zisizogusa sehemu ya nyara, tathmini ya mwisho itakuwa nzuri. Pembe, fuvu na meno viache salama.

Hatua ya 8: Fuata damu bila pupa

Nenda kwanza mahali risasi ilipompiga, usikimbilie alikoelekea. Alama ya damu hapo hukuambia anavuja damu kwa kasi gani na amepigwa sehemu ya aina gani. Akiwa anavuja sana, hayuko mbali. Akiwa anavuja kidogo, mpe muda kabla ya kumfuata, kwa sababu ukimsukuma ataendelea kupanda na wewe utapanda naye.

Kwenye nyayo za kawaida, zisizo na damu, mchezo hukupa uchanga wa unyayo na upande mnyama alikoelekea. Upande huo huonyeshwa kama koni pana kwenye ramani, na kila unyayo mpya unaouchunguza huifanya iwe nyembamba. Hapa kuna uamuzi wa kufanya: nyayo za zamani zinazopanda mlima mkali achana nazo. Nyayo mbichi zinazoelekea majini zifuate, lakini kwa pembeni, ukiwa mita kadhaa upande wa chini wa upepo, si juu ya nyayo zenyewe.

Dubu

Dubu kahawia hukushambulia. Ukimkuta karibu na miti, hakikisha una risasi zaidi ya moja kwenye bunduki na njia wazi mbele yako. Akianza kukujia, kukimbia hakukusaidii, yeye ana mbio kukuzidi. Simama, lenga, piga. Kisha jitibu kwa kisanduku cha huduma ya kwanza kabla ya kwenda kumchukua.

Ukitoka Medved-Taiga

Silver Ridge Peaks, iliyotoka mwaka 2020 na kuchorwa kwa kufuata Milima ya Rocky ya Colorado, Marekani, ina theluji sehemu za juu tu. Huko kuna mbuzi wa milimani na kondoo wa pembe kubwa, na majike wao pia wana pembe, hivyo taarifa za darubini zinakuwa muhimu maradufu. Mpangilio wa safari nao unageuka. Badala ya kutazama ufukwe kutoka juu, mara nyingi unatazama genge kutoka mgongo wa mlima wa pili, na risasi inavuka bonde. Kabla ya kufyatua, jiulize utamfikiaje akidondokea upande wa pili.

Sundarpatan ya mwaka 2024 inakupeleka Himalaya, nchini Nepal. Chini kuna joto na chui milia wa Bengal. Juu kuna theluji, nyati manyoya wa porini, kondoo wa buluu na chui wa theluji. Nepal halisi ina hifadhi moja tu ya uwindaji, Dhorpatan, iliyotangazwa mwaka 1987, na kondoo wa buluu ndiye mnyama anayejulikana zaidi huko. Katika mchezo mtafute kwenye miteremko ya nyasi iliyo karibu na majabali, asubuhi, ukiwa umepanda juu kuliko yeye. Fungua kwanza kambi za juu kwa safari isiyo ya kuwinda, kama ulivyofanya Medved-Taiga, ili usianze kila siku kwa kupanda mlima mzima kutoka bondeni.